Bastola ya Kwanza Nyumbani: Majibu kwa Barua za Wasomaji

Katika barua zilizoifikia safu hii miezi ya karibuni, swali moja limejirudia kwa sauti tofauti: mtu hajawahi kumiliki bastola, ameingiwa na hofu ya kuvamiwa usiku, na anataka kujua anunue ipi. Nimechagua barua saba, nikazifupisha bila kubadili maana, na majina nimeyaacha kwa sababu zinazoeleweka. Ninajibu kama mwalimu wa shabaha, si kama wakili wala muuzaji, na msomaji atanivumilia nikirudia jambo moja zaidi ya mara moja, kwa maana ndivyo tunavyofundisha uwanjani.

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Mimi na mume wangu tuna watoto wawili, wa miaka minne na tisa, na mama mkwe wangu anaishi nasi. Nyumba ya jirani ilivunjwa usiku, na tangu siku hiyo mume wangu anasema ni lazima tuwe na bastola. Yeye anataka kubwa yenye nguvu. Mimi nina mikono midogo na sijawahi kuishika hata moja. Tuanze na ipi?

JIBU: Marahaba, dada. Bastola ipi nitakuambia, ila kuna mambo mawili yanayotangulia safari ya dukani. La kwanza ni sheria, na hapo nchi hazifanani hata kidogo. Uingereza ilipiga marufuku karibu bastola zote mikononi mwa raia mwaka 1997, kufuatia mauaji ya watoto wa shule huko Dunblane mwaka mmoja kabla, ilhali katika sehemu kubwa ya Marekani mtu mzima asiye na rekodi ya jinai huweza kununua na kuondoka nayo siku hiyo hiyo. Na katikati ya ncha hizo mbili ziko nchi zinazodai cheti cha mafunzo, uchunguzi wa mwenendo, wakati mwingine maoni ya daktari, na sefu iliyokaguliwa kabla kibali hakijatoka. Anzeni na ofisi inayotoa vibali. Mkiwa hapo ulizeni pia sheria yenu inaruhusu nguvu kiasi gani katika kujilinda, kwa sababu kibali cha kumiliki bastola si kibali cha kumpiga mtu risasi, na wapo waliogundua tofauti hiyo wakiwa kizimbani.

La pili ni nyumba yenyewe na watu walio ndani yake. Mwaka 1993 daktari Arthur Kellermann na wenzake walichapisha Marekani utafiti uliolinganisha nyumba 388 zilizotokea mauaji na nyumba nyingine za mitaa ile ile, wakakuta kwamba kuwepo kwa bunduki ndani kulihusishwa na uwezekano wa mauaji uliozidi mara 2.7, na karibu ongezeko lote lilitokana na watu wa familia au wanaofahamiana kwa karibu. Utafiti huo umebishaniwa tangu siku ulipotoka, na siuleti hapa ili kuwakataza. Nauleta ili mume wako ajue kwamba hatari anayoifikiria, ya mgeni anayepita dirishani, si ya pekee inayopaswa kuingia kwenye hesabu. Fremu ya mlango iliyo imara, komeo la pili, taa inayowaka yenyewe mtu akipita, na simu yenye chaji kando ya kitanda humaliza mengi kabla bastola haijahitajika. Mkishayakamilisha hayo na bado mkaitaka, basi tuendelee.

Aina kuu ni mbili. Rivolva ni ile yenye silinda inayozunguka, ikibeba risasi tano au sita, na wazo lake la msingi ni lile lile ambalo Samuel Colt alilipatia hataza Marekani mwaka 1836. Ya pili ni bastola ya magazini, kile kibweta cha risasi kinachoingia ndani ya mpini. Hiyo hutumia nguvu ya risasi iliyofyatuliwa kutupa nje ganda tupu na kupandisha risasi nyingine kwenye chemba, yaani tundu lililo nyuma ya mtutu ambamo risasi hukaa tayari kufyatuliwa. Ile ya ukubwa wa kawaida hubeba risasi 15 hadi 17. Wauzaji wengi humwelekeza mwanamke kwenye rivolva ndogo nyepesi, eti kwa sababu ni rahisi. Ni rahisi kuielewa, hilo sibishi, maana ukifungua silinda unaona kila risasi ilipo. Kuipigia shabaha ndiyo kazi. Kifyatulio chake, kikivutwa bila nyundo, kile kipande cha nyuma kinachoigonga risasi, kutegwa kwanza, hudai nguvu ya kilo 4.5 hadi 5.5, nacho husafiri mbali kabla risasi haijatoka, na katika safari hiyo mkono mdogo hutetemeka na mtutu huhama. Isitoshe, rivolva ya aloi, yaani ya metali nyepesi, yenye gramu 420 hivi hupiga teke kali kuliko ya chuma kizito, kwa kuwa risasi ni ile ile ila uzito wa kuituliza umepungua. Nimeona wanafunzi wakiirudisha mezani baada ya risasi tano, viganja vimekuwa vyekundu, wasitake kuigusa tena. Na silaha ambayo mwenyewe anaiogopa haifanyiwi mazoezi.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa mwanagenzi, awe mke au mume, ni bastola ya magazini ya ukubwa wa kawaida au wa kati, inayotumia risasi za milimita 9. Risasi hiyo aliibuni Georg Luger mwanzoni mwa karne ya 20, na leo ndiyo inayotumiwa na majeshi na polisi wa nchi nyingi, kwa hivyo hupatikana kwa urahisi, na teke lake linastahimilika katika bastola yenye uzito wa gramu 700 hivi. Mumeo akisisitiza kubwa zaidi, msimulie habari ya FBI, shirika la upelelezi la Marekani. Mwezi Aprili mwaka 1986 maofisa wawili wa shirika hilo waliuawa katika mapambano ya risasi huko Miami, na baada yake shirika likahamia kwenye risasi za milimita 10, kisha za .40 (kipimo cha inchi), likiamini kwamba milimita 9 haikutosha. Miaka 30 hivi baadaye likarejea kwenye milimita 9, kwa kuwa risasi zenyewe zilikuwa zimeboreshwa na kwa kuwa maofisa wake wengi walilenga vizuri zaidi na kwa haraka zaidi wakiwa nayo. Kama hao wanaolipwa kufyatua wamekiri kwamba teke dogo huleta shabaha njema, sisi wa nyumbani tuna sababu gani ya kujitutumua?

Kuhusu mikono yako midogo, usikubali kuambiwa kwa maneno tu kwamba bastola fulani inakufaa. Mwombe muuzaji aifungue, aithibitishe kuwa tupu mbele yako, nawe uithibitishe mwenyewe. Ishike kwa mkono mmoja hadi utando ulio kati ya kidole gumba na cha shahada upande juu kabisa ya mpini, na mtutu uwe mstari mmoja na mfupa wa kigasha chako. Sasa, ukiwa umeielekeza mahali salama, weka kidole cha shahada kwenye kifyatulio: nyama ya ncha ya kidole inapaswa kufika katikati yake bila wewe kuuzungusha mkono. Ikiwa kucha tu ndiyo inayofika, mpini ni mnene kwako. Nyingi za kisasa huja na vipande vya kubadilisha mgongo wa mpini, basi viombe. Kisha vuta slaidi, kile chuma cha juu kinachoteleza, nyuma hadi mwisho, mara kumi mfululizo. Ukishindwa mara ya saba, utashindwa pia usiku ukiwa na hofu.

Msinunue kabla ya kuzifyatua. Nendeni wote wawili uwanjani kwa mwalimu, mjaribu mbili au tatu, risasi 50 kila moja, na kama mwalimu anayo ya .22, yenye risasi ndogo, anzeni na hiyo, maana haina teke la kumfundisha mtu kufumba macho. Vaeni kinga za masikio na miwani tangu mlangoni: mlio wa bastola hupita desibeli 140, kiwango ambacho pigo moja laweza kuharibu usikivu moja kwa moja. Mkiondoka nawieni mikono kwa sabuni kabla ya kushika chakula au mtoto, kwa kuwa baruti na risasi huacha vumbi la risasi-madini, ile sumu tunayoifahamu katika rangi za zamani. Na bastola mtakayoichagua isihesabiwe kuwa ya ulinzi mpaka ipige risasi 200 hivi bila kukwama hata mara moja, ikitumia aina ile ile mtakayoiweka nyumbani.

SWALI: Mwanangu, mimi ni mzee wa miaka 68, na baridi yabisi imenikaa vidoleni. Nina kibali cha bastola ya magazini, lakini kuikoki kumekuwa mtihani. Je, niiuze ninunue rivolva?

JIBU: Shikamoo, mzee wangu. Usiiuze bado. Kuikoki ni kuvuta slaidi ili risasi ipande kwenye chemba, na watu wengi huivuta kwa kuibana kati ya kidole gumba na cha shahada, kama anayebana sindano, na kwa namna hiyo hata kijana huchoka. Ilete bastola karibu na kifua, mtutu ukielekea mahali salama, ushike slaidi kwa juu na kiganja kizima cha mkono wa kushoto, halafu usiivute: ishikilie pale pale, na mkono wa kulia uusukume mpini mbele kwa nguvu ya bega. Mwisho wa mwendo iachie slaidi irudi yenyewe kwa springi yake. Angalia jambo moja tu, ambalo wazee na vijana hulikosea sawasawa: ukiileta bastola kifuani ni rahisi mtutu kuelekea kwenye kiwiko chako cha kushoto au kwa mtu aliyesimama kando.

Njia hiyo ikishindikana, ziko bastola zilizotengenezwa na springi laini kwa ajili ya mikono kama yako, na ziko chache ambazo mtutu wake huinuka kama kifuniko ili uweke risasi ya kwanza kwenye chemba bila kuvuta slaidi kabisa. Rivolva ningeiweka mwisho kwa sababu niliyomweleza dada hapo juu. Kidole chenye maumivu hakitaufurahia uzito wa kifyatulio chake, na kuitega nyundo kwanza ili kiwe chepesi ni kumpa mkono unaotetemeka kifyatulio kinachosubiri pumzi tu. Kifaa cha kujazia magazini nacho kipo, kidogo cha plastiki. Tafadhali kitumie, gumba lako litashukuru.

SWALI: Kaka, niliiondoa magazini, nikavuta kifyatulio ili nifungue bastola niisafishe, ikalia. Risasi imetoboa ukuta na kuingia stoo. Hakuna aliyeumia. Bado sielewi, maana magazini nilikuwa nimeishika mkononi.

JIBU: Ndugu yangu, pole, na ahsante kwa ujasiri wa kuliandika. Magazini ni ghala tu. Risasi iliyokwisha kupanda kwenye chemba haina habari na magazini. Itakaa humo mpaka ifyatuliwe au itolewe. Bastola chache zimeundwa zisifyatue magazini ikiwa nje, lakini ya mtu mwingine haitakuwa hivyo, kwa hiyo usilitegemee hilo.

Utaratibu ni huu, na mpangilio wake ndio uhai wake. Mtutu uelekezwe mahali ambapo risasi ikitoka haitamfikia mtu, na kidole kiwe kimenyooka ubavuni mwa bastola, mbali na kifyatulio. Toa magazini, uiweke mfukoni au mezani. Ndipo uvute slaidi hadi mwisho, mara tatu, ukiona kama kuna kitu kinaruka. Kisha izuie slaidi ibaki nyuma, utazame ndani ya chemba penye mwanga, na uingize kidole kidogo uguse tundu hilo, kwa kuwa macho huona kile yanachotarajia kuona. Geuza uso, tazama ukutani, kisha uangalie tena. Anayeanza kwa kuvuta slaidi halafu ndipo atoe magazini ameitoa risasi moja na kupandisha nyingine papo hapo, naye huapa kwa dhati kabisa kwamba ameiondoa. Risasi zote zipelekwe chumba kingine kabla kitambaa cha kusafishia hakijaguswa.

Jeff Cooper, mwanajeshi wa zamani wa Marekani aliyegeuka mwalimu wa bastola, ndiye aliyezieneza kanuni nne ambazo viwanja vingi duniani vinazifundisha hadi leo: kila bunduki ichukuliwe kuwa ina risasi, mtutu usimwelekee yeyote usiyekuwa tayari kumwangamiza, kidole kisiguse kifyatulio mpaka umelenga na kuamua, na ujue unachokilenga pamoja na kilicho nyuma yake. Ukizitazama vizuri utaona zimepandana, ili moja ikisahaulika nyingine iokoe. Wewe uliivunja ya kwanza, na ya pili ndiyo iliyokuacha ukiniandikia mimi badala ya kuwaandikia wazazi wa mtu, ingawa kwa bahati tu, maana stoo ingeweza kuwa na mtu ndani. Mimi mwenyewe, mwaka wangu wa pili wa kufundisha, nilimkabidhi mwanafunzi bastola nikisema ni tupu. Msichana yule aliivuta slaidi kama nilivyomfundisha, na risasi ya plastiki ya mazoezi ikadondoka mezani, ikazunguka, ikasimama mbele yangu. Hakusema neno. Tangu siku hiyo sisemi tena kwamba bastola ni tupu. Naifungua, na anayeipokea anatazama.

SWALI: Mwalimu, bastola yangu nailaza chini ya mto, ikiwa imekokiwa. Watoto wangu nimewafundisha kwa ukali wasiiguse, na wananitii. Rafiki yangu anasema nakosea. Ni kweli?

JIBU: Ni kweli, tena mara mbili.

Kosa la kwanza ni mto. Mtu anayeamshwa usingizini na kelele hushika kwanza na kufikiri baadaye, na kitu kilicho chini ya mto, bila mkoba unaofunika kifyatulio, hushikwa popote kidole kitakapoangukia.

La pili ni utii wa watoto. Mwaka 2001 jarida moja la madaktari wa watoto la Marekani lilichapisha jaribio ambalo kila mzazi angepaswa kulisoma. Wavulana 64 wa miaka 8 hadi 12 waliachwa, wawili wawili au watatu watatu, katika chumba chenye kioo cha kuwatazamia, na ndani ya droo moja ilifichwa bastola halisi isiyo na risasi, iliyotegwa kifaa cha kuonyesha ikiwa kifyatulio kimevutwa. Walipewa dakika 15. Wavulana 48 waliiona, 30 waliishika, na 16 walivuta kifyatulio. Karibu nusu ya walioiona walidhani ni ya kuchezea au hawakuwa na uhakika kama ni ya kweli. Na zaidi ya tisa kati ya kila kumi walioishika walikuwa wamewahi kupewa mafunzo ya usalama wa bunduki. Wafundishe wako, ndiyo, waambie wakiiona wasimame, wasiiguse, waondoke, wamwite mtu mzima; lakini mafunzo hayo yahesabu kama mwavuli, si kama paa. Juu ya kabati na chini ya nguo si maficho pia. Mtoto anayejua zawadi za sikukuu zinafichwa wapi anajua na hilo.

Nunua sefu ndogo ya chuma yenye vitufe unavyoweza kuvipapasa gizani, uifunge kwa boliti kwenye sakafu, ukuta au kitanda, kwa kuwa sefu isiyofungwa hubebwa pamoja na kilichomo. Ukiizoea, inafunguka ndani ya sekunde chache. Namba isiwe siku ya kuzaliwa ya mtu yeyote wa nyumbani, na betri zibadilishwe kwa tarehe unayoikumbuka. Kuhusu kuikoki: kwa mtu wa kawaida mwenye sefu, mimi nashauri magazini iwe ndani na chemba iwe tupu. Wapo walimu ninaowaheshimu wanaosema kinyume, wakitaja kwamba mkono wa pili huenda ukawa umembeba mtoto au umejeruhiwa, na hoja yao ina uzito kwa aliyefanya mazoezi kwa miaka. Ila barua ninazozipokea za bastola zilizolia bila kukusudiwa ni nyingi, na ya aliyekosa muda wa kukoki sijaipata bado. Mwenye rivolva ya kizamani aliyorithi na aangalie zaidi, maana katika nyingi za zamani nyundo hulala moja kwa moja juu ya risasi, na ikianguka sakafuni inaweza kulia. Ndiyo maana wazee walijaza tano katika silinda ya sita.

SWALI: Mwalimu, bastola ikigoma kulia uwanjani nifanye nini?

JIBU: Usiigeuze kuitazama. Iache imeelekea kwenye shabaha, uhesabu hadi 30, kwa sababu zipo risasi zinazochelewa kulipuka, ndipo uitoe. Lakini ikitoa mlio hafifu, kama chupa iliyozibuliwa, acha kabisa: huenda kichwa cha risasi kimekwama ndani ya mtutu, na ukifyatua nyingine nyuma yake mtutu unaweza kupasuka mkononi mwako. Mwite msimamizi.

SWALI: Dada yangu na mumewe wana bastola ndani ya nyumba, na shemeji amepoteza kazi. Hali chakula vizuri, hapati usingizi, na juzi alisema kwamba watu wangepumzika bila yeye. Dada anaona aibu kuiondoa, asije akamdhalilisha. Unashaurije?

JIBU: Iondoke leo. Nakuandikia hivi bila kuzunguka kwa sababu hapa muda ndio kila kitu. Kellermann yule yule, katika utafiti wa mwaka 1992, alikuta nyumba zenye bunduki zikihusishwa na uwezekano wa kujiua ulio karibu mara tano ya nyumba zisizo nayo, na sababu yake haihitaji profesa: wimbi la kukata tamaa mara nyingi hupita, na walio wengi walionusurika jaribio hawafi baadaye kwa kujiua, lakini risasi haitoi nafasi ya kunusurika. Jeshi la Israel lilipowazuia askari wake kwenda na bunduki nyumbani mwisho wa juma mwaka 2006, vifo vya kujiua vilipungua kwa takriban 40 kwa mia. Hawakuwabadilisha askari moyo. Waliondoa chuma tu.

Sefu haitoshi ikiwa yeye anaijua namba. Ipelekwe nje ya nyumba, kwa njia ambayo sheria yenu inaruhusu: kituo cha polisi, muuzaji mwenye leseni, au ndugu mwenye kibali na sefu yake, na risasi zipelekwe pamoja nayo. Kuhusu aibu, mwanamume anayemheshimu, kaka yake au rafiki wa zamani, amwambie uso kwa uso, “Bastola nikae nayo mimi mpaka mambo yatulie,” kama vile mtu anavyochukua funguo za gari kwa aliyelewa. Na mwulizeni waziwazi kama anafikiria kujiua. Kuuliza hakupandikizi wazo. Mara nyingi humpunguzia mtu mzigo wa kulibeba peke yake. Asiachwe peke yake, na afikishwe kwa daktari au mshauri, hata kama atasema ni uchovu tu.

SWALI: Kaka, nikimkuta mwizi sebuleni usiku, nitajuaje kwamba risasi haitamfikia mtoto chumba cha pili?

JIBU: Hutajua, na ndiyo sababu nakuomba usiende sebuleni. Kuta za jasi na mbao hazizuii risasi ya milimita 9. Hupita moja, ikapita ya pili, na ikifika upande wa pili bado inaua. Zipo risasi zenye ncha iliyo wazi, zinazopanuka zinapoingia mwilini na hivyo hupungua uwezekano wa kutokea upande wa pili, na polisi wengi huzitumia kwa sababu hiyo hiyo, ingawa Azimio la Hague la mwaka 1899 lilizikataza vitani na baadhi ya nchi haziwaruhusu raia kuzimiliki. Lakini risasi iliyomkosa mtu haipanuki kwa maana yoyote ya kukusaidia, na ukutani baadhi yake hujaa vumbi la jasi na kupita kama za kawaida.

Panga kabla. Chagueni chumba kimoja chenye mlango imara, ambacho watu wa nyumbani watakimbilia, na kikae mahali ambapo ukielekea mlangoni nyuma ya mlango hakuna kitanda cha mtu. Piga simu polisi, uwaambie ulipo ndani ya nyumba na kwamba una silaha, na usikate simu. Piga kelele kwamba polisi wanakuja. Mwizi aliyefuata runinga mara nyingi huondoka akisikia sauti, na runinga ni runinga. Weka tochi yenye mwanga mkali ndani ya sefu, kando ya bastola na si juu yake, kwa sababu tochi iliyofungwa kwenye bastola hukulazimisha kumwelekezea mtutu kila unayetaka kumtambua, na wa kwanza kutembea gizani nyumbani mwako ni mtu wako: mama anayetafuta maji, mtoto anayetafuta choo. Kwa hiyo kubalianeni kwamba anayeamka usiku ataje jina lake kwa sauti, na kijana wako anayerudi saa nane na ufunguo wake apige simu akiwa bado nje, nawe uwashe taa ya ukumbi kabla hajaugusa mlango.